Daftari la Maalimu na Betri Isiyofika Jioni

Miongoni mwa mashtaka yanayoletwa mbele ya meza yangu na watu wanaosikia kwa msaada wa shimesikio, hakuna lililo zito kuliko hili: kwamba kifaa kilichonunuliwa kwa fedha nyingi, kikasifiwa kuwa hakina haja ya kubadilishwa betri kila wiki bali hulazwa tu katika chaja usiku na kuamka kimeshiba, sasa huzimika kabla ya jua kutua, na aghalabu huzimika saa ile ile ambayo mwenyewe anakihitaji zaidi. Maalimu mmoja mstaafu wa Mji wa Kale, Mombasa, aliyesomesha hesabu kwa miaka mingi na ambaye tabia ya kuandika kila jambo haikustaafu pamoja naye, alinijia na shtaka hilo hilo. Lakini yeye, ghairi ya wengine, alikuja na ushahidi. Alitoa mfukoni mwa kanzu daftari dogo la mistari, akaliweka mbele yangu, akasema, "Daktari mwanangu, mimi sikuja kulalamika. Nimekuja kusahihishiwa." (Mimi si tabibu, ni mtaalamu wa usikivu tu, lakini nimekwisha kuchoka kukana.)

Daftari lilikuwa na siku arobaini, kila siku mstari wake: saa aliyovaa, saa sikio la kulia lilipozimika, saa la kushoto lilipozimika, na pembeni, kwa wino mwekundu wa kusahihishia, neno moja au mawili juu ya tukio la siku hiyo. Katika kazi yangu sijaletewa kipimo bora kuliko hicho.

Ili tulisome daftari hilo kwa insafu, yapasa kwanza tujue ni kitu gani hasa kinachoishiwa nguvu. Shimesikio ni chombo kilichotangulia vyombo vingi katika ubahili wa umeme: transista ilipobuniwa mwaka 1947 huko Marekani, haikuingia kwanza katika redio ya mfukoni bali katika kifaa cha sikio, mwaka 1952, kwa sababu vifaa vya kabla yake, vilivyotumia valvu za kioo, vilihitaji betri mbili zilizomwelemea mvaaji. Kuanzia mwaka 1977 kazi hiyo ilishikwa na betri ya zinki na hewa, ile iliyo mfano wa kifungo cha shati, ambayo wazee wetu huijua kwa rangi ya kibandiko chake zaidi kuliko kwa namba: ya njano ni 10, ya kahawia 312, ya chungwa 13, na ya buluu 675. Betri hiyo hupumua. Ukibandua kibandiko, hewa huingia kwa vitundu vidogo, oksijeni ikakutana na zinki, umeme wa volti 1.4 hivi ukatoka. Na tangu hapo, ukiitumia usiitumie, zinki inaliwa, wala kibandiko ukikirudisha hakikurudishii siku zilizopotea.

Betri ya kuchaji ni ya tabia nyingine. Ni jamaa ya ile ya simu, yaani ya lithiamu, aina iliyoingizwa sokoni na Sony mwaka 1991, na waliotia msingi wake, Goodenough, Whittingham na Yoshino, wakatunukiwa Nobel ya kemia mwaka 2019. Ndani yake hakuna kitu kinacholiwa kikaisha. Kuna chembe za lithiamu zinazosafiri, zikichajiwa zinajilaza baina ya matabaka ya grafiti, zikitumika zinarejea upande wa pili. Lakini hakuna safari isiyo na hasara. Kila zamu chembe chache hunasa katika utando unaojijenga juu ya grafiti, zisitoke tena, na joto huuharakisha utando huo, hasa betri ikiwa imejaa pomoni. Basi kumbuka na udogo wake: betri ya simu hubeba zaidi ya mara mia ya kile kinachobebwa na betri ya sikio, kwa hiyo upungufu ambao mwenye simu hauhisi, mwenye shimesikio anauona kabla ya adhuhuri.

Tukarudi kwenye daftari. Jambo la kwanza lilikuwa jepesi. Siku za Ijumaa vifaa vyote viwili vilizimika saa mbili au tatu mapema kuliko desturi, na pembeni paliandikwa "Maskati". Binti yake anaishi huko, na kila Ijumaa baada ya sala humpigia babake simu ndefu, sauti ikipita kwa Bluetooth moja kwa moja hadi masikioni. Kupokea mawimbi hayo hula umeme mwingi kuliko kusikia kwa kawaida. Nilimwambia kwamba hapo hakuna maradhi; ni bei ya mazungumzo. Akacheka, akasema ni rahisi kuliko nauli.

La pili ndilo lililonishughulisha. Zilikuwapo siku sita ambazo vifaa vyote viwili vilikufa kabla ya saa sita mchana, na katika siku tano kati ya hizo wino mwekundu ulisema "stima ilipotea". Msomaji atadhani sababu iko wazi: umeme haukuwapo, betri haikujaa. Hiyo ni nusu ya haki. Nusu ya pili imeandikwa kwa herufi ndogo katika vijitabu ambavyo hatuvisomi: vifaa vingi vya namna hii vimeundwa vijizime vinapohisi umeme wa chaja na vijiwashe vinapoukosa, kwa kuwa mtengenezaji alidhani kwamba umeme ukikoma ni mvaaji amevitoa. Stima inapopotea saa nne za usiku, chaja isiyo na akiba yake yenyewe hunyamaza, na vifaa vilivyolala ndani yake huamka, vikakesha gizani hadi asubuhi vikisikiliza kuta za kisanduku. Na siku ya sita, ambayo stima haikupotea? Hapo alijibu bibi yake, aliyekuwa amekaa kimya pembeni: yeye huchomoa kila kilicho ukutani kabla ya kulala, kwa hofu ya moto, ila aghalabu huisahau chaja hiyo. Siku hiyo hakusahau. Kisha akaongeza jambo ambalo Maalimu, akiwa bila vifaa vyake, asingeweza kulijua kamwe: kwamba usiku wa namna hiyo kuna mbu anayelia chumbani bila kuonekana. Hakuwa mbu. Ulikuwa mluzi wa shimesikio iliyofungiwa kisandukuni, sauti yake ikiirudia yenyewe.

Dawa ya hilo ni chaja yenye betri ndani yake, ambayo huendelea kulisha vifaa umeme wa ukutani ukikatika. Zipo, na kwa nyumba za kwetu ningeziita lazima, si anasa. Asiyekuwa nayo, stima ikipotea naye yu macho, na avitoe vifaa akavizime kwa kitufe chake.

La tatu lilihusu sikio la kulia peke yake. Asubuhi nyingine lilianza siku likiwa nusu, ilhali la kushoto limejaa. Nilikitazama kifaa kwa kioo cha kukuzia, nikakuta vile vidutu vya madini vinavyogusana na chaja vimefunikwa na mchanganyiko wa jasho, nta ya sikio na kutu ya kijani, na hewa ya chumvi ya pwani haikosi sehemu yake katika dhambi hiyo. Mguso usipokamilika, taa huwaka ukikilaza, kisha huzimika umekwisha geuka. Brashi laini na kitambaa kikavu kila usiku vinatosha. Maji hayaingii katika shauri hili. Aina nyingine hazina vidutu, huchajiwa kwa usumaku, na kwa watu wa jasho jingi mimi huzipendelea.

Maalimu aliniuliza kama asingefanya vyema kuiacha betri iishe kabisa kila siku ndipo aichaji, kama alivyofundishwa zamani. Hiyo ilikuwa kanuni ya betri za nikeli na kadimiamu. Ya lithiamu haina kumbukumbu hiyo, na kuishiwa kabisa huidhuru, hasa ikiachwa hivyo kwa majuma. Adui yake mkubwa ni joto: gari lililoegeshwa juani, au chaja iliyowekwa dirishani pa magharibi, palepale ilipokuwa yake.

Nilipomaliza, Maalimu alifunua ukurasa wa mwisho, alipokuwa amechora grafu. Hata baada ya kuondoa siku za Maskati, siku za giza na asubuhi za mguso mbaya, mstari wa sikio la kulia ulikuwa ukiteremka. Kifaa kilichokuwa kikifika saa ishirini na nne kilipokuwa kipya, sasa kikifika kumi ni siku njema. Nacho kilikuwa katika mwaka wake wa nne. Hapo hapakuwa na la kusahihisha.

"Basi tubadilishe betri," akasema. Nikamweleza kwamba imefungiwa ndani, haifunguliki hapa, sharti kifaa chote kirudi kiwandani. Akanitazama kama mwanafunzi aliyekosa jedwali la mbili. Sababu za kuifungia si za uongo: unyevu hauingii, mtoto hawezi kuimeza, na vidole vinavyotetemeka vinasalimika na taabu ya mlango mdogo. Lakini taathira yake ni kwamba maisha ya chombo kizima yamefungwa kwenye kiungo chake dhaifu. Maalimu alipiga hesabu hapo hapo: betri mbili kila wiki ni 104 kwa mwaka, 416 kwa miaka minne. Mimi nasema gharama ya zinki hudondoka tone kwa tone, ya lithiamu huporomoka kwa mkupuo. Ipo njia ya kati, waliyoifuata huko Otse, Botswana, ambako mafundi viziwi waliunda vifaa vyenye betri inayochajiwa kwa jua na kutoka kwa ukucha. Nasikitika kwamba viwanda vikubwa havikuifuata.

Kifaa cha kulia kilikwenda ng'ambo, safari ya majuma kadhaa. Bibi yake akatoa mkobani kifaa cha zamani, cha betri ya chungwa, pamoja na kadi ya betri ambazo vibandiko vyake havijaguswa. Nilibandua kimoja, nikamwambia tungoje dakika tano zinki ivute pumzi kabla ya kufunga mlango. Tulikaa kimya. Zilipotimia akakivaa, akakiwasha, akafungua ukurasa mpya na kuandika saa.