Siku Utakapokuwa Hupo

Kama unalea mtoto mwenye sindromu ya Down huko Kayanga au Murongo, swali moja hukuamsha usiku: nikifa, huyu ataishi na nani?

Labda umeambiwa ni laana. Si kweli. Kwa kawaida hali hii hutokana na kromosomu moja ya ziada, 47 badala ya 46. Siku hizi wengi wakitibiwa mapema hufika utu uzima. Kwa hiyo kesho yake ipangwe leo.

Fungua 2 Samweli 9. Mefiboshethi, mwana wa Yonathani, alikuwa kilema wa miguu yote miwili. Daudi alikumbuka agano lake na Yonathani, lakini hakuishia kwenye pole. Alimrudishia mashamba ya babu yake Sauli, akamweka Siba ayalime, akampa nafasi mezani pake.

Kwetu Karagwe na Kyerwa, shamba ni kibanja cha migomba na kahawa. Ukoo unapogawa urithi, mtoto huyu asirukwe. Andika wosia, mtaje atakayemlea, na tangu sasa ale, alime na asali pamoja na nduguze.

Ila kumbuka: baadaye Siba alimsingizia Mefiboshethi ili achukue mali yake. Usimwachie mtu mmoja kila kitu. Wazee wa ukoo na wa kanisa washuhudie.

Nawe usiye na mtoto kama huyu, je, jirani yako amepata Daudi wake? Jumapili njema.