Krediti 45 za Kakuma Zihesabiwe Lodwar

Kutoka Kakuma hadi Lodwar ni mwendo wa kilomita 120 hivi, lakini kwa anayeitafuta shahada ya kwanza masafa hayo ni marefu kupita kiasi.

Mwaka 2010 Wajesuiti walianzisha masomo ya juu katika kambi ya Kakuma kwa njia ya intaneti. Chuo Kikuu cha Regis, kilichoko Denver, Marekani, kikawa kinawatunuku wahitimu stashahada ya elimu huria yenye krediti 45. Shahada ya Kimarekani huhitaji krediti 120 hivi. Kwa hivyo wahitimu hao walikwisha kupita thuluthi ya safari.

Wapo waliouliza, falsafa itamfaa nini mkimbizi? Swali la dharau! Mwalimu mwenye darasa la watoto wa mataifa matano anaihitaji kuliko profesa wa Nairobi.

Linaloniudhi ni jingine. Lodwar pana chuo kilichoundwa mwaka 2017 chini ya Chuo Kikuu cha Masinde Muliro. Vyuo vyetu humtaka anayeingia awe na C+ katika KCSE, au sifa iliyo sawa nayo. Neno hilo "sawa" ndilo kizingiti. Sheria ya mwaka 2014 ilileta mfumo wa kitaifa wa kulinganisha sifa za elimu. Basi maseneti ya vyuo yatamke: katika krediti hizo 45, ngapi zitapokelewa, na kwa shahada gani? Jibu libandikwe Kakuma kabla ya usajili, si baada ya mwanafunzi kulipa nauli.