Vidonge vya kwinoa: Jua unachonunua kabla ya kulipa

Huenda umekutana na matangazo mtandaoni ya vidonge na unga uliotengenezwa kwa kukamua mbegu za kwinoa. Wauzaji huahidi kwamba bidhaa hizi hushusha sukari na presha, hupunguza unene na kuongeza nguvu mwilini. Je, ni kweli?

Tuanze na mbegu yenyewe. Kwinoa imelimwa kwa maelfu ya miaka katika milima ya Andes, nchini Peru na Bolivia. Umoja wa Mataifa uliutangaza mwaka wa 2013 kuwa Mwaka wa Kimataifa wa Kwinoa. Gramu 100 za mbegu kavu zina takriban gramu 14 za protini na gramu 7 za nyuzinyuzi, pamoja na madini ya chuma na magnesi. Ni chakula kizuri.

Kidonge ni jambo tofauti. Kidonge cha miligramu 500 ni nusu gramu tu. Hata kama chote kingekuwa protini tupu, ungehitaji vidonge 12 ili kupata protini iliyo katika yai moja. Nyuzinyuzi nazo, ambazo mtu mzima anahitaji angalau gramu 25 kwa siku, hazitoshei kwenye kidonge.

Kuhusu unene, baadhi ya matokeo yanayotajwa yalitokana na majaribio ya panya kwenye maabara. Utafiti kwa binadamu bado ni mdogo, na sehemu kubwa yake ulitumia kwinoa kama chakula. Hakuna ushahidi wa kutosha kwamba vidonge hivi hutibu kisukari au presha.

Hatari kubwa ni mgonjwa kuacha dawa za hospitali na kutegemea vidonge hivi. Presha inaweza kupanda bila dalili yoyote, hivyo kujisikia vizuri si kipimo. Presha isiyodhibitiwa huweza kuleta kiharusi, nayo sukari huharibu macho, figo na neva za miguu.

Habari njema ni kwamba jamaa wa kwinoa yuko hapa kwetu. Mchicha, au terere, ni wa familia moja na kwinoa, na mbegu zake zina kiasi cha protini kinachokaribia sana cha kwinoa. Unga wa mbegu hizo waweza kuchanganywa na wimbi kupika uji. Maharagwe, ndengu na njugu pia huongeza protini na nyuzinyuzi kwenye sahani.

Wakazi wanashauriwa:

• Usiache wala kupunguza dawa ulizoandikiwa bila kuzungumza na daktari.

• Ikiwa unatumia vidonge vya aina hii, mweleze mhudumu wa afya. Mjamzito, anayenyonyesha na mwenye ugonjwa wa figo waulize kwanza.

• Soma lebo: viungo, kiasi, mtengenezaji na tarehe ya mwisho wa matumizi. Bidhaa inayodai kutibu kila ugonjwa, iepuke.

• Ukinunua mbegu za kwinoa, zioshe vizuri kabla ya kupika. Ganda lake lina saponini, kitu kichungu kinachoweza kusumbua tumbo.

• Pima sukari na presha katika kituo cha afya kilicho karibu nawe, au muulize mhamasishaji wa afya ya jamii wa kijiji chako.