Muziki Usio na Maneno Nao Husema

Je, umewahi kutazama sinema ukajikuta unafuta machozi kabla mtu yeyote hajasema neno? Mara nyingi kinachotuliza ni muziki. Sura za wachezaji tunazikumbuka, lakini muziki uliopigwa nyuma yao tunausahau kama upepo uliopita. Mwezi huu tumeona vema tuuzungumzie, kwa sababu ni burudani njema ambayo mama aweza kuishiriki na mume na watoto bila gharama kubwa.

Tuchukue mfano mmoja. Mwaka 1986 ilitoka filamu iitwayo The Mission. Inasimulia habari za mapadre Wajesuiti waliofanya kazi kati ya Waguarani, huko Amerika ya Kusini, katika karne ya 18. Padre Gabriel anapanda jabali kando ya maporomoko makubwa ya maji na kuingia msituni peke yake. Anaketi na kupuliza obo, ala iliyo ndugu wa zumari ya pwani yetu, maana zote mbili hulia kwa utete. Wenyeji wanamzunguka na pinde zao. Mmoja anamnyang'anya obo na kuivunja. Mwingine anajaribu kuiunga, kisha anamshika padre mkono na kumwongoza. Hapakuwa na mahubiri, lakini mlango ulifunguka.

Aliyetunga muziki huo ni Ennio Morricone, Mwitalia aliyezaliwa Roma mwaka 1928 na kufariki mwaka 2020. Ukisikiliza kwa makini utatambua mambo matatu: obo ya padre, kwaya ya kanisani, na midundo ya wenyeji. Kwanza husikika mbalimbali. Baadaye hukutana na kuwa wimbo mmoja. Hivyo muziki unatueleza jinsi watu waliokuwa wageni walivyopatana, na ndiyo maana inauma sana vita inapokuja kuwatawanya.

Mke aliyesikiliza kwanza

Liko jambo jingine litakalowapendeza akina mama. Morricone alimwoa Maria Travia mwaka 1956, wakajaliwa watoto wanne. Maria hakuwa mwanamuziki. Hata hivyo, mume wake alipoona kwamba waongozaji wa filamu huweza kuchagua tuni iliyo dhaifu na kuiacha iliyo bora, alianza kumpigia Maria kwanza. Tuni alizozikubali Maria ndizo zilizopelekwa kwa mwongozaji. Mwaka 2007 Morricone alipopewa Oscar ya heshima kwa kazi yake ya miaka mingi, aliitoa kwa mkewe.

Basi, mama asiseme, "Mimi sikusomea muziki, nitajua nini?" Sikio linalotambua kilio cha mtoto mwenye njaa na kilio cha mtoto mwenye homa si sikio la kudharauliwa.

Jinsi ya kuanza

Siku hizi muziki wa filamu hupatikana hata kwenye simu. Chagueni kipande kimoja kifupi, jioni kazi zikiisha. Zimeni televisheni. Sikilizeni mara ya kwanza bila kusema kitu. Mara ya pili, kila mmoja afuate ala moja tu: huyu fidla, yule ngoma, mwingine filimbi. Kisha mwulizeni mtoto ameona nini moyoni. Mmoja atasema mvua, mwingine atasema safari ya kwenda kwa bibi. Msimsahihishe, kwa kuwa muziki usio na maneno haudai jibu moja.

Baba naye aulizwe. Wako wanaume wasiojua kusema, "Leo nimechoka," au, "Nina hofu," lakini wakisikia obo ile wataweza kusema inawakumbusha nini. Mama, utakapopata jibu hilo, usiharakishe kuinuka kuondoa vyombo. Keti kidogo, umsikilize.