Mota kubwa katika gari dogo la rimoti: Shafti na pinioni ndizo huamua

Na Mwandishi Wetu

KATIKA mchezo wa magari madogo yanayoendeshwa kwa rimoti, wengi huamini kuwa mwenye mota kubwa ndiye mwenye gari bora. Hata hivyo, nguvu yote ya mota hiyo hupita kwanza katika kijiti cha chuma chembamba kuliko penseli, na hapo ndipo fedha za wengi hupotelea.

Kijiti hicho ni shafti ya mota. Juu yake hufungwa gia ndogo iitwayo pinioni, ambayo huzungusha gia kubwa na hatimaye magurudumu. Mafundi wa magari ya kawaida wanalifahamu neno pinioni kutokana na difu, na kazi yake katika gari la rimoti haina tofauti kubwa.

Kampuni ya Tamiya ya Japani ilitoa gari lake la kwanza la rimoti mwaka 1976, mfano wa Porsche 934. Tangu miaka hiyo, mota ya umbo la 540, yenye kipenyo cha takriban milimita 36, imekuwa ya kawaida katika magari ya kipimo cha moja ya kumi ya gari halisi. Shafti yake ina unene wa milimita 3.17, yaani moja ya nane ya inchi.

Mota za awali zilitumia brashi za kaboni kupeleka umeme katika sehemu inayozunguka. Brashi hizo husuguana, huchakaa na hupoteza nguvu kwa njia ya joto.

Katika mota isiyo na brashi, sumaku ndiyo inayozunguka, huku nyaya za shaba zikibaki zimetulia kando yake. Kifaa cha kudhibiti mwendo ndicho hubadilisha umeme katika nyaya hizo kwa zamu. Matokeo yake ni nguvu nyingi zaidi kutoka katika umbo lile lile.

Nguvu hiyo ndiyo iliyoleta haja ya shafti nene. Mota nyingi za magari ya kipimo cha moja ya nane, na baadhi ya zile za moja ya kumi, zina shafti ya milimita 5. Magari makubwa ya moja ya tano hutumia hata milimita 8.

Tofauti ya milimita 3.17 na 5 yaweza kuonekana ndogo, lakini sivyo katika hesabu za uhandisi. Kwa chuma cha aina moja na urefu mmoja, shafti ya milimita 5 huhimili msokoto karibu mara nne zaidi, na ukinzani wake dhidi ya kupinda huwa mara sita.

Kupinda ndiko hatari zaidi. Shafti inapopinda japo kidogo, pinioni husogea mbali na gia kubwa, meno hushikana kwa ncha tu, na gia kubwa ya plastiki hunyolewa kwa sekunde chache.

Kosa la kwanza la wanunuzi ni kukadiria shafti kwa kuangalia umbo la mota. Namba 3660, kwa mfano, humaanisha kipenyo cha milimita 36 na urefu wa milimita 60. Haisemi lolote kuhusu shafti, na zipo mota za umbo hilo zenye shafti ya 3.17 na nyingine zenye 5. Njia ya uhakika ni kupima kwa kalipa kabla ya kununua pinioni.

Pinioni yenye tundu la milimita 5 inaweza kuvalishwa katika shafti nyembamba kwa kutumia bushi ya chuma. Kinyume chake hakiwezekani. Kulitoboa upya tundu la 3.17 kwa drili ya mkononi ni kujitafutia hasara, kwani tundu likienda pembeni kidogo tu, gia huyumba na kula meno ya mwenzake.

Kosa la pili ni kusahau ukubwa wa meno. Gia hupimwa kwa moduli, ambayo ni kipenyo cha gia kwa milimita kikigawanywa kwa idadi ya meno, au kwa idadi ya meno katika kila inchi ya kipenyo. Pinioni na gia kubwa ni lazima ziwe za kipimo kimoja. Kipimo cha meno 48 kwa inchi na kile cha moduli 0.6 hutofautiana kwa zaidi ya asilimia 10, na zikikutanishwa husagana.

Hapa ndipo shafti nene huleta gharama isiyotarajiwa. Pinioni ya meno 13 ya kipimo cha 48 ina kipenyo cha takriban milimita 5.6 tu kwenye shina la meno. Ikitobolewa tundu la milimita 5, ukuta unaobaki ni zaidi kidogo ya robo ya milimita, nao hauwezi kubeba mzigo wowote.

Pinioni ya meno 13 hayo hayo katika moduli 1 ina milimita 10.5 kwenye shina, na ukuta wake hukaribia milimita 3. Ndiyo maana anayenunua mota ya shafti nene mara nyingi hulazimika kubadili pia gia kubwa, na wakati mwingine kishikio cha mota, ili meno yalingane.

Wakati wa kufunga, skrubu ndogo ya kubana pinioni ni lazima ikae juu ya sehemu bapa ya shafti. Shafti na skrubu husafishwa mafuta kwanza, kisha tone la gundi ya nyuzi za skrubu huwekwa ili mtikisiko usiilegeze.

Nafasi kati ya gia mbili hupimwa kwa kipande chembamba cha karatasi. Karatasi huwekwa kati ya meno, mota husogezwa hadi iguse, hukazwa, kisha karatasi hutolewa. Gia zikibanana mno, beringi huumia. Zikiachana mno, meno huvunjika.

Idadi ya meno nayo huamua uhai wa mota. Kama ilivyo kwa sproketi ya mbele ya pikipiki, pinioni kubwa huongeza kasi lakini hupunguza mvuto na kuilemea mota. Mota iliyolemewa hupata joto, na joto likizidi sumaku hudhoofika moja kwa moja. Inashauriwa kuanza na pinioni ndogo, kuendesha kwa dakika chache, kisha kupima joto. Wachezaji wengi huweka kikomo cha nyuzi 80 za Selsiasi.

Aidha, usalama si jambo la kupuuzwa. Mota yenye mizunguko 3,500 kwa kila volti, ikipewa betri ya volti 11.1, inaweza kufikia mizunguko 38,850 kwa dakika bila mzigo. Mwaka 2014, gari la rimoti la Nic Case wa Marekani lilifikia kilometa 325 kwa saa. Wakati wa kukipangia kifaa cha kudhibiti mwendo, pinioni hutolewa kwanza ili gari lisiruke ghafla na kujeruhi mtu.

Zaidi ya hayo, shafti nene haimalizi tatizo, bali hulihamisha. Nguvu iliyoshindwa kuvunja shafti itatafuta difu ya plastiki, na baada ya difu itatafuta vyuma vya kuzungusha magurudumu.

Kwa hiyo anayetaka kuongeza nguvu anashauriwa kuanza hesabu yake kwenye magurudumu na kurudi nyuma hadi kwenye mota. Akikuta sehemu isiyohimili, aibadili hiyo kwanza. Mota iwe ununuzi wake wa mwisho.