Mbona mashabiki wa Houston walimzomea chipukizi wao

WAHENGA walisema mchagua nazi hupata koroma. Methali hiyo inawafaa sana mashabiki wa kandanda ya Kimarekani, ambao kila mwaka, mwezi wa Aprili unapokaribia, hugawanyika makundi wakibishania chipukizi anayestahili kuchukuliwa na timu yao. Ni nadra mabishano hayo kuwa makali kama yalivyokuwa jijini Houston, jimbo la Texas, mwaka 2006.

Ili kuelewa ukali huo, yafaa kwanza kufahamu jinsi wachezaji wapya wanavyoingia katika ligi ya kulipwa ya Marekani, NFL. Mchezo wenyewe unakaribia raga kuliko soka: mpira umechongoka pande mbili, nao hubebwa na kurushwa kwa mikono.

Katika soka ya Ulaya, klabu yenye fedha nyingi humnunua mchezaji imtakaye. NFL haiendeshwi hivyo. Tangu mwaka 1936, chipukizi wanaotoka vyuo vikuu huteuliwa na timu kwa zamu. Timu iliyovuta mkia msimu uliotangulia hupewa nafasi ya kwanza, na bingwa hungoja hadi mwisho wa zamu. Siku hizi kuna timu 32 na raundi saba za uteuzi. Aidha, tangu mwaka 1994 kuna kikomo cha fedha ambazo kila timu inaruhusiwa kuwalipa wachezaji wake wote.

Si kila mchezaji hupitia njia hiyo. Mkenya Daniel Adongo, aliyekuwa mwanaraga, alijiunga na Indianapolis Colts mwaka 2013 bila kuteuliwa katika hafla hiyo. Hata hivyo, kwa timu iliyo hoi, nafasi ya kwanza ndiyo tumaini kuu la kujinyanyua. Ikiharibiwa, hakuna duka la kwenda kununua mwingine wa kiwango hicho.

Watatu, nafasi moja

Houston Texans ilianza kucheza mwaka 2002. Katika msimu wa 2005 ilishinda mechi mbili pekee na kupoteza 14, ikajipatia haki ya kuteua kwanza mwaka uliofuata. Majina matatu yalikuwa mezani.

Wa kwanza alikuwa Reggie Bush wa Chuo Kikuu cha Southern California, mkimbiaji aliyewapita walinzi kama upepo na ambaye mwaka 2005 alitunukiwa Heisman, tuzo ya mchezaji bora wa vyuo. Waliomtaka walisema kizuri chajiuza: timu iliyokuwa ikichosha watazamaji ilihitaji mtu wa kufunga na kujaza uwanja.

Wa pili alikuwa Vince Young wa Chuo Kikuu cha Texas, mwana wa Houston aliyesomea shule ya upili ya Madison jijini humo. Kazi yake ilikuwa kuongoza mashambulizi kwa kurusha mpira. Januari 4, 2006, katika fainali ya Rose Bowl, chuo chake kilikishinda kile cha Bush 41-38. Young mwenyewe ndiye aliyekimbia na mpira na kufunga zikiwa zimesalia sekunde 19. Kwa wengi jijini, kumwachia mtoto wa nyumbani aende kwingine kulikuwa sawa na kutupa mbachao kwa msala upitao.

Wa tatu, Mario Williams wa Chuo Kikuu cha North Carolina State, hakuwa na sifa za kuimbwa mitaani. Alikuwa mlinzi mwenye kimo cha takriban mita mbili, na kazi yake ilikuwa kumvamia mrushaji wa wapinzani na kumwangusha kabla hajaachilia mpira.

Hoja za kila upande

Mashabiki hawakuwa wakipiga kelele ovyo. Kila kundi lilikuwa na jibu lake kwa swali moja: je, timu ichukue kipaji kikubwa zaidi kilichopo, au izibe pengo kubwa zaidi lililopo?

Houston ilikuwa tayari na mrushaji, David Carr, iliyemteua wa kwanza mwaka 2002. Katika msimu wake wa kwanza aliangushwa mara 76, rekodi katika NFL, na msimu wa 2005 akaangushwa mara 68. Waliomtaka Young walisema Carr ameshindwa. Waliompinga Young walijibu kwamba hata mrushaji hodari namna gani angeumia vivyo hivyo, maadamu wa kumkinga hawakuwapo. Usimamizi wa klabu uliegemea upande huu wa pili, ukaamua kumbakisha Carr.

Klabu pia ilitazama majirani. Kila msimu Houston ililazimika kukutana mara mbili na Indianapolis Colts ya Peyton Manning, mmoja wa warushaji bora wa zama zake. Bila mtu wa kumfikia Manning na kumnyima nafasi ya kutulia, Houston ingefunga sana na bado ishindwe.

Aprili 28, 2006, siku moja kabla ya hafla ya uteuzi jijini New York, Houston ilitangaza kuwa Williams amekubali mkataba wa miaka sita ambao thamani yake ingeweza kufikia dola milioni 54. Bush alichukuliwa wa pili na New Orleans Saints, naye Young wa tatu na Tennessee Titans. Mashabiki waliokuwa wamekusanyika uwanjani Houston walimzomea Williams kabla hajacheza hata dakika moja.

Fedha ziliongeza uchungu. Wakati huo chipukizi wa kwanza alilipwa kwa makubaliano tu, na mkataba wake ulikula sehemu ya kikomo cha timu hata akiwa mchezaji hafifu. Mwaka 2010 Sam Bradford wa St. Louis Rams alipewa mkataba wa dola milioni 78. Kanuni zilibadilishwa mwaka 2011, na Cam Newton, chipukizi wa kwanza mwaka huo, akapata takriban dola milioni 22 kwa miaka minne.

Miaka ndiyo hakimu

Mwanzoni wazomeaji walionekana kuwa na haki. Desemba 10, 2006, Young alirudi Houston na Titans, akakimbia yadi 39 katika muda wa ziada na kuipa timu yake ushindi wa 26-20. Alimaliza msimu akiwa chipukizi bora wa mashambulizi katika ligi. Williams, aliyesumbuliwa na jeraha la mguu, aliwaangusha warushaji mara nne na nusu tu.

Kisha mambo yakageuka. Mwaka 2007 Williams alifikisha mara 14, na mwaka 2008 mara 12. Kwa jumla alifikisha mara 53 katika misimu sita aliyokaa Houston, kabla ya kuhamia Buffalo Bills mwaka 2012. Young alicheza mechi yake ya mwisho ya NFL mwaka 2011. Bush alitwaa ubingwa wa Super Bowl na Saints Februari 2010, lakini hakuwahi kutawala ligi kama alivyotawala vyuoni.

Je, klabu ilikuwa sahihi kabisa? La. Ilipima vyema kuhusu Williams, ikakosea kuhusu Carr, ambaye ilimwachilia mwaka 2007. Tena, Houston ilifika mechi za mchujo kwa mara ya kwanza katika msimu wa 2011, wakati Williams alikuwa nje kwa jeraha. Mmoja wa nguzo za kikosi hicho alikuwa J.J. Watt, mlinzi ambaye naye alizomewa na mashabiki wa Houston alipoteuliwa mwaka huo huo, na ambaye baadaye alitwaa tuzo ya mlinzi bora wa ligi mara tatu.

Houston si peke yake. Mwaka 1999 mashabiki wa Philadelphia Eagles walisafiri hadi New York wakitaka mkimbiaji Ricky Williams, wakamzomea Donovan McNabb alipoitwa. McNabb aliifikisha timu hiyo katika Super Bowl ya Februari 2005.

Makosa ya mashabiki hayakuwa katika kubishana, kwani timu ni yao na machungu ya kushindwa huwafika wao kwanza. Makosa yalikuwa kudhani kwamba mtu mmoja angetosha. Katika raundi ya pili ya uteuzi huo wa 2006, Houston ilimchukua mlinzi DeMeco Ryans akiwa wa 33, na hakuna aliyegombana kwa ajili yake. Msimu huo alituzwa kuwa chipukizi bora wa ulinzi katika ligi. Mwaka 2023 alirejea Houston akiwa kocha mkuu, na timu ikateua wachezaji wawili kwa mpigo: mrushaji C.J. Stroud akiwa wa pili, na mlinzi Will Anderson akiwa wa tatu. Safari hii haikulazimika kuchagua kati ya kushambulia na kulinda, na msimu huo huo ikafuzu kwa mechi za mchujo.