Kabla ya Kutuma Pesa ya Abarait

Abarait ni kile kisu cha mviringo ambacho Waturkana huvaa kwenye kifundo cha mkono. Makali yako ukingo wa nje, na hufunikwa kwa ngozi mpaka yahitajike, kwa mfano nyama ikifika. Mafundi bado wanazifua kwa mkono.

Sasa wewe uko Kapedo, fundi yuko Lodwar. Pesa inafika kwa sekunde chache. Kisu kinakuja na barabara. Mwanya huo ndio unaotutia wasiwasi.

Pima kifundo chako kwa uzi, umtumie fundi kipimo. Abarait inayochezacheza itamkata mwenyewe. Na kwa sababu imefuliwa kwa mkono wako, kumuuzia mtu mwingine si rahisi, kwa hivyo fundi akiomba amana hajakosea. Mpe ya kununua chuma na ngozi, salio ulipe ukiwa umeishika. Picha peke yake isikufanye ulipe yote: picha moja inaweza kutumiwa watu kumi.

Kabla ya kuweka PIN, soma jina linalotokea. Si la fundi? Usitume. Ukiambiwa “hiyo ni laini ya shemeji”, mpigie fundi mwenyewe kwanza. Ukikosea namba, tujulishe palepale, kabla mpokeaji hajaitoa pesa, na usifute ile meseji ya malipo.

Kama umeinunua Lodwar na unarudi Nairobi kwa ndege, iweke kwenye begi la kukabidhi. Kwenye begi la mkononi itazuiwa.